Namna ya Kumchezesha Paka Anayewinda Miguu ya Watu

Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, nao hawakukosea, kwa kuwa hamu ya paka ya kuwinda haitokani na njaa pekee. Ndiyo maana paka aliyekwisha kula samaki wake hukuvizia nyuma ya pazia, kisha akakurukia kifundo cha mguu. Huo si ukorofi. Ni mwindaji aliyekosa windo, na dawa yake si kumchapa bali ni kumpatia windo.

Funga unyoya wa kuku kwenye uzi mrefu na uzi huo kwenye kijiti, ili kucha zake ziwe mbali na mkono wako. Mchezeshe alfajiri au magharibi, nyakati ambazo paka huchangamka zaidi. Watu wengi hukosea kwa kumpungia unyoya usoni, ilhali hakuna panya anayemfuata paka. Uburute kama unaomkimbia, uupitishe nyuma ya mguu wa kiti, uusimamishe, kisha uutikise kidogo tu. Hapo mtazame: tumbo litakaribia sakafu, mboni zitatanuka, kiuno kitachezacheza, ndipo atakaporuka. Akiukamata, sharubu zake huelekea mbele na kuupapasa unyoya, kwa sababu kitu kilicho karibu mno na pua yake hakioni vizuri.

Mwache aung'ate na aupige mateke kwa miguu ya nyuma. Taa ya nukta nyekundu siipendekezi, kwa kuwa paka huifukuza asiishike kamwe. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Kisha mpe chakula, maana kwa maumbile yake mawindo hufuatwa na mlo, kujilamba na usingizi. Uzi uufiche, kwani akiumeza unaweza kumjeruhi utumbo.

Kwa paka anayerudi na ndege mdomoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza mwaka 2021 kwamba mchezo wa kila siku ulipunguza mawindo yaliyoletwa nyumbani kwa asilimia 25, na chakula chenye nyama nyingi kwa asilimia 36, ilhali kengele ya shingoni haikuleta tofauti ya wazi. Akikuletea windo usimpige, liondoe kimyakimya. Na ikiwa unamfuga akuondolee panya, nakusihi usitege sumu ndani ya nyumba hiyo, kwa kuwa panya aliyekula sumu huweza kumuua paka atakayemla.