Mkate wa kima kwenye eafraya, bila kuungua juu wala kubaki mbichi katikati

Wamarekani wana chakula chao cha jioni za kawaida: nyama ya kusaga iliyochanganywa na mkate, yai na kitunguu, ikafinyangwa kama boflo, ikaokwa na kupakwa tomato sosi yenye sukari. Wao huita meatloaf. Hapa tutauita mkate wa kima. Ulishika kasi kwao miaka ya 1930, hali ya uchumi ilipokuwa mbaya, kwa kuwa mkate wa jana uliokauka uliifanya nyama kidogo itoshe familia nzima.

Kwenye oveni huchukua kama saa moja. Kwenye eafraya (air fryer, kijiko cha umeme kinachooka kwa hewa ya moto) ni nusu saa hivi, na ganda hutoka zuri zaidi. Tatizo ni kwamba ukichukua maelekezo ya oveni na kuyafuata kama yalivyo, utapata mkate mweusi juu na mbichi ndani. Koili ya eafraya iko juu, na feni inasukuma ule moto chini kwa nguvu. Aliyewahi kupalia ataelewa mara moja: ni kama sufuria yenye makaa juu ya kifuniko tu, chini hakuna kitu, na mtu amesimama anapepea. Unene wa mkate, joto utakaloweka na wakati wa kupaka sosi, vyote vinafuata hapo.

Vitu vya kuandaa

Kwa watu 5 au 6, na eafraya ya lita 4 hadi 6:

- kima ya ng'ombe, gramu 700
- slesi 2 za mkate mweupe, ukoko umetolewa (kama gramu 50)
- maziwa, mililita 100
- yai 1
- kitunguu maji 1 cha wastani na punje 2 za kitunguu saumu
- tomato sosi, vijiko vikubwa 2
- sosi ya Worcestershire, kijiko kikubwa 1
- haradali ya kupaka, kijiko cha chai 1
- chumvi, kijiko cha chai 1 na robo
- pilipili manga ya unga, nusu kijiko cha chai

Ya kupaka juu: tomato sosi vijiko vikubwa 6, sukari ya kahawia vijiko vikubwa 2, siki kijiko kikubwa 1. Koroga hadi sukari iyeyuke, weka kando.

Sosi ya Worcestershire ikikosekana usihangaike kuzunguka maduka. Ndani yake mna ukwaju, siki na samaki wadogo waliochachushwa. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi pamoja na nusu kijiko cha chai cha ukwaju mzito uliokamuliwa kinakaribia sana ladha ile. Soya sosi ina chumvi nyingi, kwa hiyo chumvi ya kawaida ipunguze iwe kijiko cha chai kimoja.

Kima yenyewe

Mapishi ya Kimarekani huhesabu kwamba kima ina mafuta asilimia 15 hadi 20. Kima ya bucha zetu nyingi, hasa ikisagwa kutoka kwenye steki, haifiki hata nusu ya hapo. Ukiipika hivyo itatoka kavu, inakwama kooni. Mwambie muuzaji asage gramu 600 za steki na gramu 100 za mafuta pamoja, apitishe mara moja tu kwenye mashine. Ikipitishwa mara mbili inalainika mno na mkate unakuwa kama soseji. Kama nyama ina maji, iache kwenye chujio dakika 10.

Mkate na maziwa

Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka, na hapa ndipo ulaini unapopatikana. Vunjavunja slesi kwenye bakuli, mimina maziwa, acha dakika 5, kisha ponda kwa uma hadi upate uji mzito usio na mabonge. Nyama ikipata moto hujikunja na kukamua maji yake. Wanga wa mkate hunyonya yale maji na kuyashikilia, tena hukaa katikati ya chembe za nyama zisigandane kuwa jiwe. Chenga za mkate kavu zikitiwa bila kulowekwa hufanya kinyume: zinainyonya nyama yenyewe. Kama unazo hizo tu, tumia gramu 45 na uziloweke vilevile.

Kitunguu kikatekate kidogokidogo sana, kikaange na saumu kwenye mafuta kidogo kwa dakika 5 kilegee bila kubadilika rangi. Kipoe kabisa kabla hakijaingia kwenye nyama. Kitunguu kibichi hutoa maji ndani ya mkate, na vipande vikubwa ndivyo vinavyoufanya ukatike ovyo unapotia kisu.

Sasa changanya ule uji na yai, sosi zote isipokuwa ile ya kupaka juu, haradali, chumvi, pilipili na kitunguu. Nyama iingie mwisho. Tumia vidole vilivyopanuliwa, geuza juu chini, na simama pale tu usipoona tena michirizi ya uji. Ni kama dakika moja. Ukikanda kama unga wa chapati, chumvi huivuta protini ya nyama ikawa gundi, na mkate utakuwa mgumu unaonesa kama mpira. Usionje mbichi: kaanga kipande cha ukubwa wa sarafu, onja chumvi hapo.

Kufinyanga

Gawa mara mbili. Usifanye mkate mmoja mkubwa, kwa sababu juu utaungua kabla joto halijafika katikati. Kila nusu, kama gramu 500, ifinyange iwe na urefu wa sentimita 16, upana 7 na kimo kisichozidi 5. Lowesha viganja, laza uso vizuri na ziba kila ufa, maana ufa mdogo wa sasa hupasuka mkubwa kwenye moto. Bonyeza katikati, kwa urefu, bonde la kina cha nusu sentimita. Nyama huvimba katikati ikiiva, na bonde hilo litasawazika lenyewe. Kisha weka kwenye friji dakika 15 ijishike.

Kibati cha mkate kinaweza kutumika kama kinaingia, lakini pembeni nyama itachemka kwenye mafuta yake badala ya kupata ganda. Ukikitumia, shusha joto hadi nyuzi 160 na ongeza dakika 10 hadi 15.

Kwenye moto

Washa eafraya nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 3. Tandika kikapu kwa karatasi ya kuokea yenye matundu, iliyokatwa saizi ya mikate tu. Karatasi isiwekwe wakati wa kupasha bila chakula juu yake: feni itairusha ikagusa koili na kuwaka. Panga mikate miwili iachane angalau sentimita 2 hewa ipite. Chini ya kikapu, kwenye droo, mimina vijiko vikubwa 3 vya maji. Mafuta yakidondokea kwenye bati kavu lenye moto ndiyo yanayojaza jiko moshi.

Oka dakika 22 bila kufungua. Kisha paka sosi juu na pembeni, rudisha dakika 6 hadi 8. Sosi isipakwe mwanzoni: sukari iko karibu na koili, itakuwa masizi kabla nyama haijaiva. Inapokuwa tayari inang'aa, rangi yake nyekundu iliyokolea, na kingo zimeanza kushika weusi kidogo.

Kuiva kunapimwa kwa kipimajoto kilichochomwa katikati kutoka ubavuni: nyuzi 71. Kwa kima ya kuku au bata mzinga ni 74. Steki huliwa ikiwa nyekundu ndani kwa sababu vijidudu hukaa juu ya nyama. Mashine ya kusaga huvichanganya hadi katikati, ndiyo maana kima haina msamaha huo. Rangi usiiamini, kwani kima huweza kuwa ya kahawia haijafika, au ikabaki ya waridi hali imefika. Asiye na kipimajoto afinyange mikate ya kimo cha sentimita 4, aipe muda wote, kisha akate mmoja katikati. Pakiwa ute na si moto wa kuunguza, irudi dakika 5.

Juu pakianza kuwa peusi na ndani bado, shusha hadi 160 na funika kwa foili iliyobanwa chini ya mkate pande zote. Povu jeupe linalotoka pembeni ni protini iliyoganda, lifute tu.

Acha ipumzike dakika 10 kabla ya kisu. Ukikata mara moja supu yote inamwagika ubaoni na slesi zinavunjika. Kata unene wa sentimita 2, kwa kisu cha meno. Wamarekani huula na viazi vya kuponda na maharagwe machanga ya maganda (green beans).

Kuhusu umeme: eafraya ya wati 1500 kwa nusu saa haizidi uniti moja ya LUKU au tokeni. Ukikatika katikati ya kupika, usiache nyama nusu mbichi ndani ya droo ikisubiri. Hamishia kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, moto mdogo chini, makaa juu ya kifuniko, na umalizie hadi zile nyuzi 71.

Uliobaki hukaa friji siku 3 hadi 4. Pasha slesi, si mkate mzima: nyuzi 160, dakika 4, geuza mara moja.