SOMO: Kusoma matokeo ya udiwani ya kata yako (msinirudie tena inboksi)

Wakuu, naandika mara moja tu.

Hatua ya 1. Hakikisha uchaguzi wenyewe. Diwani anachaguliwa siku moja na Rais na mbunge: 25 Oktoba 2015, 28 Oktoba 2020, 29 Oktoba 2025. Ule wa 27 Novemba 2024 ulikuwa wa vijiji, mitaa na vitongoji, chini ya TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa). Humo diwani humkuti.

Hatua ya 2. Taja kata, halmashauri na mkoa. Hapa Kigoma Ujiji tuna kata inaitwa Kigoma na nyingine Kagera. Ukitafuta "Kagera" tupu unaibukia Bukoba.

Hatua ya 3. Fomu. Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka 2015, giza limeshaingia, nanakili matokeo mlangoni mwa darasa kwa tochi ya simu. Zimebandikwa karatasi tatu: 21A ya Rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Upepo wa ziwani umezikunja pembe, herufi sizioni, vyama ni vilevile. Nikanakili ya mbunge. Jumla yangu ikampa ushindi aliyeshindwa, nami nikaitangaza kijiweni kabla ya msimamizi msaidizi wa kata. Mpaka leo wananiita "Tume". Kwa hiyo: soma herufi ya fomu, kisha jina la mgombea, ndipo namba. Na kama kituo kimoja kimekosekana, usitaje mshindi. Narudia, usitaje.

Hatua ya 4. Asilimia unagawa kwa kura halali. Mfano wa kubuni: waliopiga 3,180, zilizoharibika 60, halali 3,120. Mwenye kura 1,638 ana 52.5%. Ukigawa kwa 3,180 unapata 51.5%, mnashikana mashati bure.

Hatua ya 5. Mwenye kura nyingi kashinda, hata asipofika nusu.

MASWALI

Mwana wa Reli: Mkuu, niwekee matokeo ya Majengo.
— Majengo ya wapi? Kila mji una Majengo yake. Hatua ya 2.

Bi Mkubwa: Kata yetu 2020 naona jina tu, kura hakuna. Nimekosea wapi?
— Hujakosea, dada. Huyo alipita bila kupingwa, kura ya diwani haikupigwa. Sheria ya 2024 imeufuta utaratibu huo. Mgombea akibaki peke yake anapigiwa ndiyo au hapana. Kwenye jedwali lako usiandike sifuri, itakuharibia wastani. Andika "bila kupingwa".

Mgebuka: Mahudhurio nigawe kwa sensa ya 2022?
— Sensa inahesabu mpaka mtoto wa mgongoni. Tumia daftari la wapiga kura la mwaka huohuo.

Bi Mkubwa: Na mbona madiwani ni wengi kuliko kata?
— Kuna wanawake wa viti maalumu, vyama vinagawiwa baada ya matokeo ya kata. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza, na baraza ndilo linalomchagua meya. Chama cha ACT-Wazalendo kilipoichukua Kigoma Ujiji 2015, wengi walihesabu kata tu wakashangaa idadi ya kura za umeya.

Mgebuka: Nyongeza: ukipiga picha fomu usiku, mwenzio amulike kwa ubavuni. Tochi ya mbele inang'arisha karatasi, namba zinapotea.
— Ungeniambia 2015!

Mwana wa Reli: Majengo ya Kigoma Ujiji.
— Mwaka?