Jinsi ya kufuatilia asili ya neno: tuanze na "cara"

Ukikuta neno limeandikwa vilevile katika lugha nne, usifurahi upesi. Huenda ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja. Anayeanza kazi hii mimi humpa "cara", kwa sababu ni fupi na lina hila nyingi.

Kusanya maana kwanza, asili baadaye. Kwa Kihispania, "cara" ni uso, na ukirusha sarafu, upande wa kichwa nao ni "cara". Lakini pia ni kivumishi cha kike, chenye maana ya ghali au mpendwa. Kikatalani na Kireno hubeba maana hizohizo, na Wabrazili wameongeza yao: "o cara" ni yule jamaa. Kiitaliano kina mpendwa na ghali tu; uso wao ni "faccia", "viso" au "volto". Hapo simama. Maana moja ikipotea katika lugha moja huku nyingine imebaki, shuku kwamba umeshika mizizi miwili.

Sasa fungua kamusi, na si ile ya kutafsiri tu. Kamusi ya Real Academia Española inasomwa bure kwenye intaneti, na inaweka uso katika kidahizo chake (neno-kichwa la kamusi) na kivumishi katika kingine. Kwa Kiitaliano nenda Treccani. Kwa Kifaransa, TLFi (Trésor de la langue française informatisé). Utakuta kivumishi kimetoka kwenye "carus" ya Kilatini, iliyokuwa na maana zote mbili tangu mwanzo: anayependwa, na kinachouzwa bei kubwa. Uso umetoka kwenye "cara" ya Kilatini cha mwishoni, ambayo mshairi Corippus aliitumia katika karne ya 6, na wataalamu huihusisha na "kara" ya Kiyunani, yaani kichwa. Basi si ndugu. Jihadhari pia na "caro" ya Kilatini, yaani nyama: hiyo imezaa "carne", wala haihusiani na "caro" ya Kihispania.

Kifaransa ndicho kipimo changu, maana huko sauti zilibadilika kwa utaratibu unaoonekana. "Ca" ya Kilatini mwanzoni mwa neno hugeuka "ch": "cantare" ikawa "chanter", "caballus" ikawa "cheval". Halafu "a" yenye mkazo, silabi ikiwa wazi (yaani ikiishia na irabu), huelekea "e", kama "mare" ilivyokuwa "mer". Weka kanuni hizo mbili juu ya "carus", upate "cher". Ziweke juu ya "cara", uso, upate "chiere" ya Kifaransa cha kale, leo "chère". Kwa hiyo hata Wafaransa wameishia na maneno mawili yanayofanana! Uso wenyewe leo huitwa "visage", lakini ule wa zamani umejificha katika msemo "faire bonne chère". Kwanza ulikuwa kumwonyesha mgeni uso mkunjufu, kisha kumkirimu, na sasa ni kula vizuri. Wengi hudhani "chère" hiyo ni "chair", nyama. Kanuni ya sauti ndiyo inayokuokoa, si macho.

Kiromania usikisahau, japo hakikupi umbo. Neno lao la kawaida ni "scump", la asili ya Kislavoni, na maana yake ni ghali na pia mpendwa. Umbo limebadilishwa, ndoa ya maana imebaki.

Lugha za kubuniwa ziache mwisho. Humo neno halikusafiri karne kwa karne vinywani mwa watu. Mtu alilichagua, kwa hiyo swali ni kwa nini alilichagua. Kiesperanto cha Zamenhof, cha mwaka 1887, kina "kara", mpendwa, na barua huanza "Kara amiko". Ile "a" ya mwisho si alama ya kike hata kidogo. Ni alama ya kivumishi, na mwanamume huitwa "kara" vilevile. Ghali kwa kawaida ni "multekosta", yaani chenye gharama nyingi, na uso ni "vizaĝo", kutoka Kifaransa. Ido, iliyotokea 1907 kama marekebisho ya Kiesperanto, ilitenganisha waziwazi: "kara" kwa mpendwa, "chera" kwa ghali. Kwangu huo ni uamuzi wa kihasibu, safi lakini mkavu. Interlingua ya 1951 ilikwenda njia nyingine: ilitafuta umbo linaloungwa mkono na lugha chanzo zisizopungua tatu, ikatoa "car", na maana mbili za Kilatini zikarudi pamoja.

Ukimaliza hapo, jaribu mwenyewe "burro": siagi kwa Waitaliano, punda kwa Wahispania. Anzia kwenye "beurre" ya Kifaransa, kisha utafute "butyrum" na "burricus" za Kilatini.