Hukumu ya mtandaoni na nakala yenye muhuri: jinsi ya kuzipata ukiwa Kigoma au Tabora

Wengi wanaoingia kwenye steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, huja na ombi moja: "Kijana, nitolee hukumu yangu kwenye mtandao." Nami huwa nauliza kwanza, hukumu ya mahakama gani? Ukilikosea jibu la swali hilo utazunguka kutwa nzima.

Mahakama ya Tanzania inachapisha maamuzi yake kwenye tovuti iitwayo TanzLII, anwani yake tanzlii.org. Kusoma ni bure, kupakua ni bure, na huna haja ya kuwa wakili. Sehemu kubwa ya yaliyomo ni maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu pamoja na divisheni zake. Kesi iliyoishia Mahakama ya Mwanzo, au shamba lililoamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa kawaida hutalikuta humo. Hukumu hizo zifuate masjala ya palepale shauri liliposikilizwa. Ila kama kesi ilikatiwa rufaa mpaka Mahakama Kuu, soma hukumu ya rufaa hata kama hukuwa mhusika wa mwanzo. Jaji hulazimika kusimulia yaliyotokea kule chini, na nimeona watoto wa marehemu wakijua habari za shamba la baba yao kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kurasa hizo.

Kabla hujawasha data, andika kwenye karatasi vitu vinne: majina ya pande zote mbili, namba ya shauri, mwaka, na mji ambako shauri lilisikilizwa.

Mji ndio unaowapoteza watu wa huku. Kabla Kigoma haijapata masjala yake ya Mahakama Kuu, mashauri ya Kasulu, Kibondo na Ujiji yalipanda reli kwenda Tabora, wadaawa, yaani wenye kesi, nao nyuma yake. Kwa hiyo hukumu ya zamani ya mtu wa Kigoma itafute chini ya Tabora. Mahakama ya Rufani nayo husafiri kwa vikao, hivyo ukiona juu ya hukumu imeandikwa Tabora, ujue ni mahali ilipoketi. Haimaanishi kwamba ugomvi ni wa Tabora.

Mwaka nao una mtego wake. Rufaa inaweza kufunguliwa 2017, ikaamuliwa 2021. Namba ya shauri inabeba mwaka wa kufunguliwa, lakini namba ya rejea ya TanzLII inabeba mwaka wa uamuzi. Utaitambua kwa umbo lake: mwaka ndani ya mabano ya mraba, kisha herufi TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba. Ukishaipata iandike pembeni, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye hukumu hiyohiyo bila kutafuta upya.

Sasa fungua tovuti, nenda kwenye kisanduku cha kutafutia. Anza na jina moja, lile lisilo la kawaida. Ukiandika Juma peke yake utaletewa nusu ya nchi. Jaribu tahajia zaidi ya moja: Hussein, Husein, Hussain, na majina ya Kiha ambayo karani aliyaandika kama alivyoyasikia. Mfano wa jina lililoandikwa namna tatu ndani ya hukumu moja ninao, na mwenye jina alikuwa amesimama mbele yangu akicheka.

Jambo la lugha lisikukwaze. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ikafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi zilizomo, hasa za nyuma, ni za Kiingereza. Kwa hiyo kesi ya jinai itafute kwa jina la mshtakiwa pamoja na neno Republic, yaani Jamhuri inayoshtaki, na rufaa ya ardhi kwa maneno Land Appeal. Majibu yakiwa mengi, yapunguze kwa kuchagua mahakama na mwaka.

Ukiipata, pakua faili la PDF, usiishie kusoma kwenye kioo. Mtandao wa huku tunaujua. Fungua ukurasa wa mwisho uone tarehe ya kutolewa na jina la jaji. Kama juu ya ukurasa kuna muhtasari, usome ukijua kwamba muhtasari si hukumu. Halafu rudia kutafuta majina yaleyale upande wa Mahakama ya Rufani. Hatua hii watu huiruka, kisha mtu anatembea na hukumu ya Mahakama Kuu mfukoni akijiona mshindi, kumbe iliishatenguliwa.

Nakala hiyo inakutosha kusoma, kumpa wakili, kufundishia darasani, hata kuiandikia habari gazetini. Haikutoshi kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe, wala kuambatanisha kwenye rufaa. Mimi mwenyewe niliwahi kumchapishia mama mmoja kurasa 14 za rangi, akazipeleka ofisi fulani, akarudishwa kwa sababu hazina muhuri. Hela ya kuchapa nilimrudishia, nauli yake sikuweza.

Nakala yenye muhuri inaombwa kwa barua, kwenye mahakama iliyotoa uamuzi. Mahakama Kuu, barua inakwenda kwa Naibu Msajili. Mahakama ya Wilaya au ya Mwanzo, inakwenda kwa Hakimu Mfawidhi. Usiandike hadithi ya ugomvi, karani hahitaji kujua nani aliloga nani. Andika hivi:

"Naibu Msajili, Mahakama Kuu ya Tanzania, Kigoma. YAH: Maombi ya nakala ya hukumu, tuzo na mwenendo wa shauri, Rufaa ya Ardhi Na. … ya mwaka …, kati ya … na …. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mrufani katika shauri hili, lililotolewa hukumu tarehe … mbele ya Mheshimiwa Jaji …. Naomba nipatiwe nakala zilizothibitishwa za nyaraka zilizotajwa kwa ajili ya kukata rufaa. Wako mtiifu," kisha jina, sahihi, anwani na namba ya simu.

Taja vitu vyote vitatu kama unataka rufaa: hukumu, tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani). Ukiomba hukumu tu, utapewa hukumu tu, nawe utarudi kuandika upya. Peleka barua mbili: moja inabaki, nyingine igongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa ulipie, utapewa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, ulipe kwa simu au benki na utunze risiti. Usimpe mtu hela mkononi, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Huo muhuri wa tarehe ndio roho ya kazi yote, kwa sababu siku zinahesabiwa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa inawekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na kwa shauri la madai rufaa yenyewe inafunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi iwekwe. Nakala zikichelewa kuandaliwa, Msajili anaweza kukupa cheti kinachotoa siku hizo za kusubiri kwenye hesabu. Lakini Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zina sharti: barua yako ya kuomba iwe imeandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala ya barua hiyo iwe imempata mpinzani wako. Watu hupeleka barua masjala wakamsahau mpinzani, kwa vile hawasalimiani. Mpelekee tu, asaini kwamba amepokea. Kusubiri hukumu itokee mtandaoni ndipo uandike barua ni kujipunguzia siku zako mwenyewe.

Waandishi, walimu na vijana wanaotengeneza programu za simu huniuliza kama wanaruhusiwa kuzitumia hukumu hizi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania haiwekei ulinzi maamuzi ya mahakama, kwa hiyo maneno ya jaji unaweza kuyanukuu, kuyatafsiri na kuyachapisha upya. Ukitafsiri, sema wazi kwamba tafsiri ni yako, na uweke namba ya rejea ili msomaji aifikie ya asili.

Majina ni habari nyingine. Kwenye kesi za ubakaji na za watoto, mara nyingi mahakama huandika herufi tu badala ya jina la mwathirika. Usijifanye mpelelezi ukalijaza jina hilo kwa sababu unatoka kijiji kimoja naye. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo kukusanya majina, maradhi na ndoa za watu kutoka kwenye hukumu na kuzigeuza orodha ya kuuza hakufanani na kunukuu hoja ya jaji. Ukikuta jina la mtoto limeachwa wazi, usilisambaze. Mwandikie Naibu Msajili ukitaja namba ya rejea na ukurasa.

Hukumu ya Mahakama Kuu isipoonekana kabisa baada ya kujaribu majina, miaka na miji yote miwili, fuata utaratibu uleule wa barua. Ongeza sentensi moja ukiomba iwekwe pia TanzLII. Tarehe ya uamuzi na jina la jaji usiziache, maana bila hizo karani ataanza kupekua majalada upya, na majalada ya Tabora ni mengi.