Namna ya kulala jangwani penye nge wa manjano

Kazi ya kuchimba visima ilinipeleka kaskazini mwa Sudan, na huko mchanga una mwenyewe: nge wa manjano, ambaye wataalamu humwita Leiurus quinquestriatus. Wenyeji wanamwita agrab, neno lilelile ambalo sisi tunalo kama akrabu, hadi kwenye mshale wa saa. Ni miongoni mwa nge wenye sumu kali kabisa duniani.

Kwanza mjue. Ana urefu wa sentimita 8 hadi 11, rangi ya majani makavu, na pingili ya mkia iliyo kabla ya kifuko cha sumu mara nyingi imeingia weusi. Magando yake ni membamba sana. Wembamba huo usikutulize: asiyeweza kubana mawindo kwa nguvu hutegemea mwiba.

Mchana hujificha shimoni au chini ya mawe. Ukilazimika kuinua jiwe, vaa glavu, kisha liinue ukingo wa mbali ukilielekeza kwako, ili akitoka atokee upande wa pili na si miguuni pako.

Usiku ndipo anapowinda. Tafuta tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, kwa sababu gamba la nge hung'aa kijani likimulikwa nayo. Subiri giza liingie sawasawa, zima taa nyingine, uzunguke malazi yako polepole. Usiku wangu wa kwanza nilimkuta hatua mbili kutoka kwenye godoro, anang'aa kama kipande cha chupa, mkia ameukunja juu ya mgongo, ametulia tuli. Dakika chache kabla nilikuwa nimepita palepale na ndala. Kesho yake nilitafuta kitanda cha kukunja, nikakiweka mbali na mawe na kuni, shuka nikalichomekea lisiguse chini. Na ndala usiku, basi tena.

Mtu akiumwa, maumivu huja papo hapo, makali mno. Mvue pete na saa, mtulize, weka kitambaa cha maji baridi, mkimbize hospitali huku mkiuliza kwa simu wapi kuna dawa ya kuzuia sumu. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba. Kwa mtoto msingoje dalili hata moja, maana sumu hii hushambulia mishipa ya fahamu: jasho, mate kububujika, kutapika, moyo kwenda mbio, na hali ikizidi mapafu hujaa maji. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupona. Mtoto yuko hatarini zaidi.

Tochi nayo ina upungufu wake. Nge aliyetoka kujivua gamba hang'ai mpaka gamba jipya likomae. Ndiyo maana asubuhi, hata kama usiku sikuona kitu, kila kiatu nakipindua na kukigonga mara tatu kabla mguu haujaingia.