Kabla ya kupaka rangi aluminiamu, ijaribu kwa maji

Rangi ikibanduka kwenye fremu ya dirisha la aluminiamu, mara nyingi chanzo ni mafuta yaliyobaki chini yake, wala si ubovu wa rangi. Osha kwa sabuni ya vyombo, piga msasa laini, namba 320 hivi (steelwool hapana, huacha chembe za chuma zinazoshika kutu), suuza kwa maji mengi, halafu mwagia maji safi na uyatazame kwa nusu dakika. Yakitanda kama utando mmoja usiokatika, pako safi. Yakijikusanya matone matone, hasa karibu na bawaba na pale mikono inaposhika kila siku, mafuta bado yapo: rudia kuosha. Metali safi hushika maji, mafuta huyasukuma, na praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) nayo haiwezi kung'ang'ania palipo na mafuta.

Jaribio hili hudanganya povu likibaki, kwa sababu sabuni hutandaza maji hata juu ya mafuta. Kwenye fremu iliyokwisha pakwa rangi kiwandani halifai kabisa, maana rangi yenyewe huweza kukusanya maji.

Likifaulu, futa kwa kitambaa safi, acha pakauke vizuri, usipaguse kwa mkono mtupu, na upake praima ya aluminiamu siku hiyohiyo. Hewa huanza kuijengea metali hiyo tabaka jipya la oksidi (metali iliyoungana na oksijeni ya hewani) mara tu unapomaliza msasa, na maji hayawezi kukuonyesha hilo.