Kiyoyozi cha zamani Tanga: kikague hivi kabla hujalipia gesi

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba mpaka Machi, kauli ni moja kutoka Raskazone hadi Kange: "AC imeisha gesi." Fundi anakuja, anajaza, unalipa. Baridi inarudi kwa muda, kisha hali ni ile ile.

Ndugu wanachama, gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka hata mwaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Na mara nyingi haijapungua kabisa: tatizo ni uchafu, chumvi ya bahari au umeme mdogo. Somo hili linahusu AC za ukutani zenye umri wa miaka kumi na zaidi, zisizo za inveta, yaani ambazo kompresa yake (pampu inayosukuma gesi) huwaka na kuzima badala ya kubadilisha kasi. Fuata hatua kwa mpangilio huu huu, maana nimeanza na zisizo na gharama.

Hatua ya 1: Kata umeme kwenye breka

Kuzima kwa rimoti hakutoshi, umeme bado umefika kwenye mashine. Teremsha breka, na mwambie kila aliyemo ndani asiirudishe. Kifuniko cha upande wa nyaya kwenye mashine ya nje usikifungue wewe. Mle ndani mna kapasita, nayo hutunza umeme hata baada ya breka kushuka. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hatua ya 2: Filta

Fungua kifuniko cha mbele, toa filta, osha kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, anika kivulini. Jua la mchana huzipinda. Msimu wa joto fanya hivi kila baada ya wiki mbili.

Hatua ya 3: Koili na feni ya ndani

Filta ikiwa nje, mulika kwa tochi ya simu. Mapezi ya koili, yaani vibati vyembamba vilivyopangana juu ya mabomba ya gesi, yapige brashi laini kutoka juu kwenda chini, usipige kwa kukatisha upana, yatalala. Kisha mulika kwenye mdomo wa kutolea upepo uitazame feni ndefu ya mviringo. Ikiwa vibawa vyake vimejaa utando mweusi, upepo unaotoka ni mdogo kuliko unaotakiwa, na hakuna gesi itakayoponya hilo. Feni hiyo inahitaji kufunguliwa na kuoshwa. Mpe fundi, ila simama uone inaoshwa kweli.

Hatua ya 4: Bomba la maji

Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo AC inayofanya kazi vizuri Tanga lazima itoe maji nje. Ikiwa chumba kinapoa kidogo na nje hakuna hata tone, anza kushuku. Ikiwa maji yanateremka ukutani ndani, bomba limeziba kwa ute. Funga mdomo wa bomba la nje kwenye pampu ya baiskeli kwa kipande cha tyubu, kisha sukuma hewa taratibu. Mji wetu haukosi pampu za baiskeli. Baadaye mimina kikombe cha siki iliyochanganywa na maji kwenye trei ya ndani, ute usirudi upesi.

Hatua ya 5: Mashine ya nje, na chumvi

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapotofautiana na wenzetu wa Korogwe. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi zinazotua kwenye mapezi ya alumini yaliyobana bomba la shaba. Madini hayo mawili yakikutana kwenye unyevu wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Chuchumaa utazame kwa karibu upande unaopokea upepo. Mwanzo mapezi hupoteza mng'ao. Halafu hutoa unga mweupe. Mwishowe ukiyagusa kwa ncha ya kidole yanamomonyoka, linabaki bomba tupu. Pezi lililoachana na bomba halitoi joto, na joto lisipotoka kompresa hujikaza, hula umeme zaidi na hatimaye hujizima ili isiungue. Mwenye nyumba anaona AC inawaka na kuzima, fundi mwenye haraka anasema gesi.

Dawa yake ni maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani yanafaa kabisa. Maji ya kisima cha karibu na bahari, yale yenye ladha ya chumvi, usiyatumie, utakuwa unaongeza kile unachokiondoa. Nyunyiza taratibu mpaka yanayochuruzika yawe safi. Usikubali pampu ya kuoshea magari, inalaza mapezi, wala asidi ya kusafishia vyoo. Nimeona koili nzima zikiharibiwa na asidi hiyo, na inaniuma, maana mashine ilikuwa na miaka mingine mbele yake. Anayeiona bahari kutoka dirishani aoshe kila mwezi. Wa Ngamiani na Makorora, kila miezi mitatu.

Ukiwa hapo hapo, tazama stendi na nati zake. Mashine ya nje ina uzito wa mtu mzima au karibu yake, na nyingi zimening'inia juu ya njia wanayopita watoto. Nati iliyovimba kutu ibadilishwe leo, uweke za stenlesi.

Hatua ya 6: Umeme

Kiwango chetu ni volti 230. Mwombe fundi apime wakati AC inafanya kazi, tena saa moja hadi saa tatu usiku majirani wote wakiwa wamewasha vyao. Ikishuka chini ya 207, kompresa inateseka. Weka kifaa cha kulinda AC chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika tatu, na hakikisha ni cha AC; kile cha friji hakihimili.

Mashine ya nje ikivuma bila kuzunguka kisha ikanyamaza, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita. Ikichoka huvimba juu. Ibadilishwe kwa yenye mikrofaradi zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, na volti zisizopungua zake. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa, na kompresa nyingi zimetupwa kwa ajili yake.

Kuna na mjusi kafiri. Anaingia kwenye bodi kufuata joto na wadudu, anagusa nyaya mbili, anakufa na bodi inaungua. Ziba kwa pati tundu la ukutani yanamopita mabomba.

Hatua ya 7: Pima baridi

Funga milango, weka nyuzi 24, subiri dakika 15. Pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu ya mashine, kisha inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mashine ni nzima. Kwa unyevu wa kwetu hata 8 usilalamike.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo gesi

Kila kitu ni safi, umeme ni mzuri, na bado bomba jembamba la nje linaganda barafu? Hapo gesi imepungua. Tafuta doa la mafuta kwenye viungio, kwani gesi ikivuja hutoka na mafuta. Paka povu la sabuni uone mapovu. Muulize fundi mambo matatu kabla hajafungua mtungi: inavuja wapi, utavuta hewa kwa pampu ya vakyumu baada ya kuziba, na utapima gesi kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko? Akishindwa kujibu la kwanza, mshukuru na umuage kwa heshima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Chumbageni): Shikamoo fundi. AC yetu ni ya R22. Kijana mmoja amesema gesi hiyo ni ghali, atatuwekea R32, baridi ni ile ile. Nikubali?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usikubali hata kidogo. R32 ina mgandamizo mkubwa kuliko ule ambao mabomba yenu yalitengenezewa, haipatani na mafuta yaliyomo kwenye kompresa, na inaweza kushika moto. R290 ndiyo mbaya zaidi kwa moto, ni propani. R22 inapanda bei kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinaiondoa, mwisho ni 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Ndiyo maana nasisitiza kuziba panapovuja: kila gramu mliyonayo itunzeni.

Swali (Raskazone): Je, niifunike mashine ya nje kwa turubai kuzuia chumvi?

Jibu: Ikiwa inafanya kazi, hapana, utaikaba. Inahitaji nafasi ya angalau sentimita 30 nyuma yake. Kipindi cha baridi usipoitumia funika juu tu; ukizungushia na pembeni unyevu utanaswa na kutu itazidi. Bora kuosha.

Swali (Mikanjuni): Yangu inatoa harufu ya uvundo ikiwaka, dakika chache inaisha. Nimeshaosha filta.

Jibu: Rudi hatua ya 3 na ya 4, dada. Ni feni na trei. Ukimaliza kusafisha, jizoeze kuweka kwenye feni tupu kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kuzima, koili ikauke.

Swali (Sahare): Mzee wangu, ina miaka 15, mapezi ya nje yameliwa karibu nusu, na koili ya ndani imeanza kuvuja. Nitengeneze?

Jibu: Hapana kaka, hapo umefika mwisho wake. Kapasita, feni, bodi, hivyo vyote tengeneza bila wasiwasi. Koili mbili kwa pamoja kwenye mashine ya R22 ni kutupa fedha. Nunua ya inveta, uliza yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kuzuia chumvi, na kama ukuta unaruhusu hamishia mashine ya nje upande usiopigwa na upepo wa bahari. Ya zamani, fundi aivute gesi yake kwenye mtungi, asiiachie hewani. Kuna mwenzako Chumbageni anaihitaji.